Ukihamia Agincourt, Usisubiri Mwenyeji

Mtu aliyelelewa Tanga, Kisumu au Bukavu akihamia mtaa mpya hutarajia kwamba kabla godoro halijashushwa garini, mama wa nyumba ya pili atakuwa keshafika kuuliza wageni wametoka wapi na kama maji ya kunywa wanayo. Ukihamia Agincourt, kaskazini-mashariki ya Toronto, mama huyo haji. Mlango wa gereji ya jirani utapanda kwa rimoti, gari litaingia, mlango utashuka, na wiki mbili zitapita hujauona uso wa mtu anayelala mita kumi kutoka kitandani kwako.

Usiwahi kusema watu wa hapa wana roho ngumu. Agincourt kilikuwa kijiji cha wakulima wa asili ya Uingereza, kikapata posta yake mwaka 1858, na jina lake ni la vita vya mwaka 1415 ambamo Waingereza waliwashinda Wafaransa. Kuanzia miaka ya 1980 wakahamia Wachina, wengi wao kutoka Hong Kong, kisha Watamil wa Sri Lanka, Wafilipino, Wahindi, watu wa visiwa vya Karibiani, na sisi wa Afrika Mashariki tukafuatia kidogo kidogo. Kwa hiyo huyo jirani aliyeshusha mlango wa gereji naye huenda alifika na masanduku mawili, akangoja apokewe, asipokewe, akazoea. Mtaa mzima umejaa wageni wanaosubiriana.

Ndiyo maana ushauri ulio chini ya mengine yote humu ni huu: usimsubiri mwenyeji, kuwa wewe mwenyeji. Lakini ufuate mpangilio wa hapa. Kwetu tunaanza kwa kubisha hodi, urafiki unafuata. Agincourt hodi huja mwisho, baada ya jina, salamu na msaada mdogo mdogo uliorudiwa mpaka mkazoeana.

Jua kwanza jirani yako ni nani

Jirani wa Agincourt anategemea aina ya nyumba uliyopata. Kuna wanaopanga besimenti, yaani vyumba vya chini ya nyumba ya mtu. Kama ni wewe, jirani wako wa kwanza ni familia iliyo juu ya dari yako, nao wanasikia mlango wako kama wewe unavyosikia nyayo zao. Kabla ya kuwaza mtaa, elewana nao mambo manne: mashine ya kufulia utaitumia siku gani, mapipa ya taka yanakaa wapi, theluji ya kwenye ngazi yako ataizoa nani, na gari lako au la mgeni wako litalala wapi. Yazungumzeni mapema, kisha yaandike kwenye ujumbe wa simu ili kila mmoja abaki na kumbukumbu. Urafiki mwingi wa wenye nyumba na wapangaji huharibikia kwenye mambo hayo manne.

Ukiwa kwenye ghorofa, majirani wako ni watu wa lifti, wa chumba cha kufulia na wa masanduku ya barua. Jitambulishe kwa msimamizi wa jengo, maana yeye ndiye anayemjua mzee wa ghorofa ya tisa aishiye peke yake na mama wa ghorofa ya nne anayetafuta mtu wa kusindikizana naye shuleni. Fua nguo siku ileile na saa ileile kila wiki. Utawakuta walewale, na baada ya mwezi mtasalimiana bila kufikiri.

Ukiwa na nyumba ya peke yake, majirani wako ni watano: wawili wa ubavuni, mmoja wa nyuma ya ua, na wawili wa ng'ambo ya barabara. Anza na hao. Mtaa mzima utakuja wenyewe.

Wiki za kwanza: jina, salamu na swali moja

Salamu zetu ni ndefu: habari za nyumbani, za watoto, za kazi, za tangu juzi. Hapa mtu akikuuliza hujambo, anatarajia neno moja na swali hilohilo umrudishie, huku miguu yake ikiendelea kutembea. Usione amekupuuza. Mpe salamu fupi leo, fupi kesho, fupi keshokutwa. Idadi ya salamu ndiyo inayohesabiwa.

Siku ya tatu au ya nne, taja jina lako na uulize lake. Ukilisahau, uliza tena bila aibu, kisha liandike kwenye simu pamoja na namba ya nyumba. Majina ya Kitamil na ya Kichina yanaweza kukupiga chenga kama vile Mwanakombo au Nshimirimana yanavyowapiga chenga wao. Mtu anayejitahidi kulitamka jina lako sawasawa amekwisha kukuheshimu, basi nawe mfanyie vivyo hivyo.

Kisha uwe na swali dogo la kweli. Swali humpa jirani nafasi ya kuwa mjuzi, na hakuna binadamu asiyependa hilo. La mapipa ni zuri kuliko yote. Pipa la kijani la mabaki ya chakula huchukuliwa kila wiki, lakini takataka na vitu vya kurejelezwa huenda kwa zamu, wiki hii moja na wiki ijayo lingine, na kila mgeni huchanganyikiwa. Muulize jirani leo ni zamu ya pipa gani. Atakujibu, atakueleza ni lipi la kufungwa vizuri dhidi ya rakuni, wale wanyama wa usiku wenye uso kama wamevaa kinyago, na mazungumzo yenu ya kwanza yatakuwa yamepita salama.

Yapo maswali ambayo kwetu ni ya kawaida na hapa yanachoma: unalipwa kiasi gani, kodi unalipa ngapi, mbona huna watoto, hati zako za uhamiaji zimefikia wapi. Hilo la mwisho usimwulize mtu hata mara moja, maana kuna wanaoishi na hofu usiyoijua. Zungumza hali ya hewa, ambayo Kanada si porojo, kwani ndiyo inayoamua kama mtu atafika kazini. Au zungumza mpira wa kikapu. Raptors ya Toronto ilichukua ubingwa wa NBA mwaka 2019, na rais wake wakati huo alikuwa Masai Ujiri, ambaye mama yake ni Mkenya. Ukitoka Afrika Mashariki, hiyo ni njia rahisi ya kuingia katika maongezi ya mtu yeyote mwenye fulana ya Raptors.

Na wazee? Shikamoo haina mwenzake hapa, lakini adabu yake inaeleweka bila tafsiri. Ukikuta familia ya Kichina au ya Kitamil imesimama nje, msalimie kwanza babu au bibi, hata kama Kiingereza chake ni cha kutikisa kichwa tu. Watoto na wajukuu wataona.

Sahani ya kwanza

Chakula hufungua mlango Agincourt kama kinavyofungua Lamu, ila hapa kina masharti. Katika nyumba tano za jirani unaweza kukuta Mhindu asiyekula ng'ombe, Mwislamu asiyekula nguruwe na anayeuliza uhalali wa kuku, Mbudha asiyegusa nyama kabisa, na mtoto ambaye punje moja ya karanga inaweza kumpeleka hospitali. Hivyo basi kashata za karanga ziache nyumbani. Peleka mandazi, au kaimati, au sambusa za viazi na njegere zilizokaangwa kwa mafuta ya mimea. Bandika karatasi ndogo inayotaja kila kilichomo: unga, sukari, tui la nazi, iliki, yai kama lipo. Karatasi hiyo inamruhusu jirani kula bila wasiwasi au kukataa bila aibu.

Tumia chombo cha kutupwa, ili asilemewe na deni la kurudisha. Kikabidhi mlangoni kwa mikono miwili, sema jina lako na nyumba yako, kisha ondoka. Usisubiri kukaribishwa ndani. Asipokualika usinune, na akikualika vua viatu mlangoni hata akisema si lazima.

Chagua siku yenye sababu. Idd na Krismasi ni zako au za mwenzako, lakini ukikumbuka sikukuu ya jirani umemgusa zaidi. Watamil husherehekea Pongal, sikukuu ya mavuno, katikati ya Januari, wakati baridi imewafungia watu ndani. Wachina huwa na mwaka mpya wao kati ya mwisho wa Januari na Februari. Diwali huangukia Oktoba au Novemba. Na jioni ya tarehe 31 Oktoba watoto huvaa nguo za vioja na kupita nyumba kwa nyumba wakiomba peremende. Washa taa ya barazani na uwe na bakuli la peremende zilizofungwa kiwandani. Jioni hiyo ndiyo siku pekee ya mwaka ambapo mtaa mzima unakubisha hodi wenyewe, na wazazi husimama nyuma ya watoto wao. Usiipoteze kwa kuzima taa.

Desturi yetu ya kutorudisha sahani tupu wengi wa majirani wako wa Asia wanaijua. Usishangae hata chombo hicho cha kutupwa kikirudi na machungwa au keki ya mchele. Na kama hakikurudi na kitu, usihesabu.

Maduka nayo ni mahali pa kuonana. Muhogo, bamia, nazi, iliki na mchicha utavipata kwenye maduka ya Watamil wa Scarborough, eneo la Toronto ambamo Agincourt imo, na samaki wabichi kwenye maduka makubwa ya Wachina. Ukimkuta jirani kwenye mboga usizozijua, mwulize zinapikwaje. Utarudi na mboga na maelezo, na pengine na mwaliko.

Theluji ndiyo baraza

Kuanzia Desemba hadi Machi, na mara nyingine zaidi ya hapo, watu wa Agincourt huonekana nje kwa sababu moja: kuzoa theluji. Huu ndio msimu wa kupata marafiki, ingawa wageni wengi huutumia kujificha. Nunua beleshi la theluji na mfuko wa chumvi ya barabarani mwezi Novemba, kabla bei haijapanda na maduka hayajaishiwa.

Jiji huzoa njia nyingi za waenda kwa miguu, lakini ngazi na mlango wa gereji ni juu ya mwenye nyumba. Tena gari la kuzoa theluji linapopita barabarani husukuma tuta gumu na mara nyingi kuliacha mdomoni mwa gereji. Tuta hilo linavunja migongo ya wazee. Ukimaliza lako, vuka umalizie la jirani mzee. Usimwulize kama anahitaji msaada, kwa kuwa atakataa kwa adabu. Zoa tu, mpungie mkono dirishani, rudi kwako. Ukifanya hivyo mara tatu, mtu huyo ni wako.

Kwetu jirani huombana chumvi ya mboga. Huku huombana ya ngazi. Weka ndoo ya ziada na umwambie jirani achukue anapoishiwa.

Ipo na sababu nzito zaidi. Siku chache kabla ya Krismasi ya mwaka 2013, mvua ya barafu iliangusha miti na nyaya Toronto, na nyumba na biashara zaidi ya laki tatu zikakosa umeme, nyingine kwa siku kadhaa, katika baridi kali. Ndugu yako wa Dodoma hawezi kukuletea blanketi siku kama hiyo. Heri jirani wa karibu kuliko ndugu wa mbali, walisema wahenga. Basi badilishaneni namba za simu na majirani wawili mapema, na mkubaliane kwamba umeme ukikatika mtajuliana hali. Na umwambie kila mgeni mwenzako kutoka nyumbani: jiko la mkaa haliwashwi ndani kamwe, hata baridi iwe namna gani, maana hewa yake huua watu usingizini.

Mahali pa kuonekana mara kwa mara

Urafiki unataka kukutana bila kupanga, tena mara nyingi. Chagua mahali pawili au patatu na uwe mtu wa hapo.

Maktaba ya Agincourt ipo Barabara ya Bonis, karibu na makutano ya Sheppard na Kennedy. Kadi yake ni bure kwa mkazi wa Toronto, ukionyesha kitambulisho na uthibitisho wa anwani, na siku hizi maktaba za jiji hazitozi faini ya kuchelewesha vitabu. Uliza ratiba ya vikundi vya mazungumzo ya Kiingereza na saa za hadithi za watoto. Mama anayemleta mtoto hadithini kila wiki atawajua kina mama wenzake haraka kuliko anayeshinda bustanini peke yake.

Kituo cha michezo cha Agincourt kipo Barabara ya Glen Watford. Shirika la Agincourt Community Services Association limekuwa likihudumia wakazi na wahamiaji wapya kwa miongo kadhaa, na huhitaji watu wa kujitolea. Kujitolea kunakutoa kwenye nafasi ya mwombaji na kukuweka kwenye nafasi ya mtoaji, na watu hukuangalia kwa jicho lingine. Ukitaka kusaidia watoto au wazee, tarajia kuombwa cheti cha polisi. Kama una kijana wa sekondari, kumbuka kwamba Ontario haimpi cheti cha kuhitimu bila saa 40 za kujitolea. Fanyeni naye pamoja. Usipojua pa kuanzia, piga 211, simu ya bure inayoelekeza watu kwenye huduma za jamii kwa lugha nyingi.

Wengine utawapata safarini. Basi namba 85 la Sheppard na treni ya GO inayopita kituo cha Agincourt kwenda kituo cha Union, katikati ya jiji, hubeba watu walewale asubuhi zilezile. Simama mahali pamoja kila siku. Waislamu wana msikiti wa Islamic Foundation, Barabara ya Nugget, na Wakristo wana makanisa mengi. Hapo hutapata majirani wote, lakini utapata watu wa kukuambia yupi anaishi karibu nawe.

Na usimpite mzee wa Kihindi kwenye lifti ukidhani hamna la kuongea. Idi Amin alipowafukuza Waasia wa Uganda mwaka 1972, Kanada ilipokea maelfu yao, na wengine wengi waliwafuata kutoka Kenya na Tanzania. Mwandishi M. G. Vassanji, aliyezaliwa Nairobi na kukulia Dar es Salaam, alifika Toronto mwaka 1980, na riwaya yake No New Land ya mwaka 1991 inasimulia watu wa Dar waliojaa katika jengo moja la Don Mills, si mbali na Agincourt. Jaribu salamu ya Kiswahili. Pengine Kiswahili cha mzee huyo, cha Mombasa ya miaka ya sitini, kikakuacha hoi.

Waswahili wenzako ni nguzo, hasa kwenye msiba na harusi. Lakini mtu aliye Brampton, mwendo wa saa nzima kwa gari, si jirani, hata kama mlisoma darasa moja.

Magari, kelele na moshi

Mwaka 1984 lilifunguliwa Barabara ya Glen Watford duka kubwa la Wachina lililoitwa Dragon Centre, katika jengo lililokuwa ukumbi wa kuteleza kwa viatu vya magurudumu. Wateja wakafurika, magari yakajaa mitaani, wakazi wa zamani wakalalamika. Lalamiko la maegesho halikubaki hapo. Likageuka maneno dhidi ya Wachina, na vikaratasi vya chuki vikasambazwa. Historia hiyo ya Agincourt yenyewe inafundisha kwamba ugomvi wa gari hauchelewi kuwa ugomvi wa kabila, usipozimwa mapema.

Kwa hiyo ukiwa na shughuli, iwe maulidi, arobaini au sherehe ya kuhitimu, waarifu majirani siku kadhaa kabla, wape namba yako ya simu, na waambie itaisha saa ngapi. Wakumbushe wageni kwamba barabara isiyo na kibao hairuhusu gari kuegeshwa zaidi ya saa tatu, na kwamba mdomo wa gereji ya mtu hauzibwi hata kwa dakika tano. Muziki upunguzwe kabla ya saa tano usiku. Ukikaanga samaki kwenye ghorofa, washa feni na fungua dirisha. Na kabla ya kuwasha jiko la nyama kwenye roshani, soma kanuni za jengo, kwani majengo mengi yanakataza.

Na ukikerwa wewe, nenda mwenyewe, mchana, kwa sauti ya chini, na jambo moja tu mkononi. Namba 311, ya kupeleka malalamiko kwa jiji, ipo na ni haki yako, lakini jirani aliyeletewa ofisa kabla ya kuletewa neno hatasahau.

Mipaka

Mkishazoeana, alika. Mwaliko wa hapa una saa ya kuanza na saa ya kumaliza: chai, Jumamosi, kuanzia saa tisa hadi saa kumi na moja alasiri. Uandike kwa saa za Kiingereza, la sivyo atakuja usiku. Usiende kwa mtu bila kumtumia ujumbe kwanza, isipokuwa kuna moto au mgonjwa.

Mtoto wa jirani usimkaripie, usimpige picha, usimpe chakula bila ruhusa ya mzazi. Fedha usikope wala usikopeshe mwaka wa kwanza. Maneno ya nyumba hii usiyapeleke nyumba ile. Na jirani asiyetaka urafiki mwache na salamu yake, huenda anafanya kazi za zamu mbili na usingizi ndio haki yake pekee.

Wiki hii, msomaji, jifunze majina mawili: la mtu wa kushoto kwako na la wa kulia. Wiki ijayo uliza swali la mapipa. Mwezi ujao peleka sahani. Kisha mkazi mwingine akihamia mtaani kwenu, usiache wiki mbili zipite, kwa sababu kufikia hapo mwenyeji ni wewe.